Upanga wa Kale, Kutu ya Juzi

Yapo maradhi yaliyotuingia watu wa pwani, nayo ni kupamba kuta za sebule kwa panga na majambia ya kale. Si vibaya. Ila penye mnunuzi mwenye hamu hapakosi fundi wa kumtengenezea hamu yake, na fundi huyo leo hayuko Mombasa wala Lamu peke yake. Kazi yake nimeikuta Matiliku, huko Makueni.

Kijana muuza vyondo na vinyago alipoiona kofia yangu alinikaribisha kwa adabu, akafunua gunia. "Mzee wangu, huu si wa kila mtu. Ni upanga wa Waarabu wa misafara. Una miaka mia mbili." Akataka shilingi 40,000.

Hadithi yenyewe si ya kupuuzwa, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa na misafara yao wenyewe, wakishusha pembe za ndovu hadi Mombasa. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo. Baadaye misafara ya watu wa pwani nayo ilikata nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo upanga wa Kiomani kuonekana Ukambani si muujiza. Lakini linalowezekana si lazima liwe limetokea.

Nikaomba niutazame juani. Kutu yake ilikuwa ya rangi ya chungwa, imeenea sawasawa kama rangi ya kupaka, ikanishika kidoleni. Kutu ya namna hiyo huletwa kwa chumvi, siki au tindikali katika siku chache tu. Kutu ya miaka mingi huwa nyeusi au ya kahawia iliyokoza, imeshikamana na chuma, imekula mashimo hapa ikaacha pale. Chini yake niliona mistari myembamba iliyolala upande mmoja, alama ya jiwe la mashine ya umeme. Mpini nao ulikuwa umekwanguliwa kwa msasa pande zote, ilhali mkono wa mtu hulainisha pale unaposhika.

Kisha maandishi. Hapa sisi tuliokaa chuoni tuna bahati kuliko mtalii. Nukta zilikuwa zimetiwa ovyo, na alifu imeungwa na herufi inayoifuata, jambo ambalo hata mtoto wa chuo hakosei. Aliyechora alinakili picha, hakuandika neno. Hata hivyo nasema kwa tahadhari, maana zipo panga za kweli za Sudan, za zama za Mahdi, zilizojazwa maandishi ya tindikali ambayo mengine hayasomeki. Kosa la herufi peke yake halitoshi kuhukumu. Likiungana na kutu ya juzi na mistari ya mashine, shaka huondoka.

Na jina kubwa lisitughuri. Mafundi wa Solingen, Ujerumani, waliiga alama ya mbwamwitu ya wenzao wa Passau karne nyingi zilizopita. Jina la Asadullah wa Isfahani limo katika panga nyingi mno, za zama mbalimbali, hata haiwezekani zote ziwe kazi ya mtu mmoja. Ndiyo kusema kughushi nako kuna ukale wake! Wala usidhani kila upanga mwembamba usio na makali ni wa uongo: Waomani hufua panga nyepesi, zenye kutikisika, kwa ajili ya ngoma ya razha.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kando ya gunia lile. Ilikuwapo sime, bapa lake likipanuka kuelekea nchani, ala ya ngozi iliyokauka, mpini umeng'aa pale pa kidole gumba. Shilingi 1,500, bila hadithi yoyote. Karibu na mpini ilibaki chapa ya kiwanda cha Uingereza, kwa kuwa ilifuliwa kutokana na panga la shamba. Mwenye haraka angesema ni bandia. La hasha! Wahunzi wa Kikamba zamani waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi wa mitoni. Chuma cha ng'ambo kilipojaa kwa bei nafuu wakaacha tanuri, wakafua kilichokuwapo. Chapa ile haiuharibu ukweli wa sime, bali yatueleza ni ya wakati gani. Iliundwa itumike, ikatumika. Bandia ni kitu kilichoundwa ili kiseme uongo, hata kikiwa kimefuliwa vizuri.

Basi fundi anayejua kufua sime ya kwao anaiacha, anafua uongo wa kwetu, kwa sababu sisi ndio tunaoulipia. Lawama hiyo siwezi kumtwika kijana wa Matiliku peke yake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale ni kile kilichoundwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakitolewi nchini bila kibali. Muuzaji akikuapia kwamba upanga una miaka mia mbili, kisha akajitolea kukusafirishia Maskati au Dubai bila karatasi, na achague moja: kama upanga ni wa kweli anavunja sheria, na kama havunji sheria upanga si wa kweli. Mpini wa pembe ya ndovu ndio mtihani mkubwa. Pembe halisi ikikatwa huonyesha mistari inayokatana kama wavu, mfupa una vitone vyeusi, plastiki haina chochote. Lakini ukishajua ni halisi, ujue pia kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai.

Aliyerithi upanga kwa babu yake na auandikie habari zake maadamu wazee wapo: ulitoka kwa nani, ulifika kwa njia gani, nani aliutia mpini mpya. Mwaka 2021 ilitangazwa Nairobi hesabu ya vitu vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za ng'ambo, navyo ni zaidi ya 32,000.