Moyo Unapopoteza Mwendo Wake

Msomaji wetu mmoja wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, ametuandikia kuhusu mama yake mzazi. Moyo wa mama huyo hupapatika ghafla, hata akiwa ameketi tu barazani, na pumzi humpaa. Nyumba imegawanyika: baadhi ya jamaa wasema ni jini, apelekwe kwa mganga, wengine wasema ni uzee, aachwe apumzike. Atuuliza, kauli ipi ifuatwe?

Twamjibu kuwa kabla ya kauli zote mbili, mama ashikwe mkono. Moyo unapompapatika, weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Moyo wa mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100. Lakini usiitazame idadi peke yake, tazama na mwendo. Mapigo yakienda mbio, yakasita, kisha yakarudi bila utaratibu, moja zito na jingine dhaifu, hiyo ni dalili ya kumfikisha kwa tabibu. Elimu hii si ngeni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizipanga sifa za mapigo ya mshipa katika Qanuni yake, na miongoni mwazo ni kulingana au kutolingana kwa mwendo.

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo utokao katika chumba cha juu cha kulia. Umeme huo ukivurugika, vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama humo na kuganda, na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Aliyedhaniwa kuwa ana jini huamka amepooza upande mmoja, ilhali dawa ya kumkinga ipo.

Watafiti waliwapima wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, wakawakuta na maradhi haya 15 tu, uwiano mdogo sana ukilinganishwa na Ulaya. Hata hivyo tusijilaze kwa hesabu hiyo. Katika nchi zetu maradhi haya huwapata pia vijana ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, nayo huanzia kwenye maambukizo ya koo utotoni. Mtoto anayeumwa koo kwa homa apelekwe zahanati, na dawa aliyoandikiwa aimalize.

Mama huyu aanzie kituo cha afya, apewe rufaa akapimwe umeme wa moyo. Ikihitajika, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, mjini Kigoma, na ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Wapo wanaopewa dawa za kutuliza mwendo, na wapo wanaopewa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia warfarini hana budi kupimwa damu mara kwa mara, wala asichanganye na mitishamba bila kumwambia daktari. Ambao mioyo yao hupiga polepole mno huweza kuwekewa betri ya moyo kifuani.

Dua aombewe, wala hakuna anayeizuia. Lakini dua haikumwondolea mtu wajibu wa kutafuta tiba. Na Ramadhani ikikaribia, asiache dawa ili afunge. Amuulize daktari kwanza, kwani mgonjwa amekwisha kupewa ruhusa.

Mwisho, akizimia, akibanwa na kifua, mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, msingoje asubuhi wala kikao cha ukoo. Tafuteni usafiri saa ile ile.