Oscar Huenda kwa Anayeigiza
Hollywood inaupenda ulemavu, mradi uigizwe na mzima wa viungo. Daniel Day-Lewis alipewa Oscar kwa My Left Foot, Eddie Redmayne kwa The Theory of Everything; wote walipanda jukwaani kuichukua kwa miguu yao. Siwabezi, kazi waliifanya. Lakini Marlee Matlin, kiziwi kweli, alishinda mwaka 1987, na ikapita miaka 35 ndipo Troy Kotsur wa filamu ya CODA akawa mwigizaji kiziwi wa pili kushinda. Hata nafasi yake ilipatikana kwa mvutano: wenye fedha walitaka baba kiziwi wa filamu hiyo aigizwe na nyota anayesikia, ndipo Matlin, aliyeigiza mama, akatishia kujitoa. La Famille Bélier, filamu ya Kifaransa iliyozaa CODA, wazazi wake viziwi walichezwa na wanaosikia.