MALEZI: Maji ya mtoto

Mwezi huu tunaongea juu ya kumwogesha mtoto mchanga. Wengi wetu tunamimina kwanza maji ya moto, halafu ndio tunakwenda kutafuta ya baridi. Jamani, hapo hapo dada yake mdogo anaingiza mkono ndani ya beseni! Tuanze na ya baridi, tuongeze ya moto, tukoroge, tupime kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea sufuria kinadanganya. Maji vidole vinne yanatosha. Kitenge kikavu kiwe karibu kabla hatujamvua. Hata jirani akituita bombani, tusimwache mtoto majini. Na aliyezaliwa leo tumkaushe, tumfunike, aoge saa 24 zikipita, maana baridi inamwingia haraka.