Muyaka Kwanza, Dickens Baadaye

Mtu wa Shinyanga au Geita apatapo safari ya London, washauri humrundikia Dickens na Shakespeare, kana kwamba mji ule haujapata kusikia lugha nyingine. Napinga. Sibezi magwiji hao, ila wangoje zamu. Kitabu cha kwanza mkobani na kiwe Diwani ya Muyaka.

Mwaka 1947 almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, ilitolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth. Hilo wengi wetu twalijua. Wangapi twajua kwamba tungo za Muyaka wa Mombasa, alizozikusanya mmishonari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, nazo zimo London, katika maktaba ya SOAS? Msafiri aende akaombe kuziona. Nani azisome vyema kuliko ajuaye lugha yake?

Cha pili kiwe Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS hiyohiyo. Nani tena atasema Kiswahili hakina cha kusomwa London?

Mgeni asiyejua mali ya kwao iliyomo nyumbani mwa mwenyeji huishia kusifu mapazia.