Ndugu Mkurugenzi, mipaka ya moto ichorwe kabla ya viwanja

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi.

Ndugu Mkurugenzi,

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ardhi ya Usagara na Fela inatafutwa. Viwanda vitakuja, na mimi nataka vije. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuuzwa kiwanja chochote cha kiwanda cha kemikali, mipaka ya kinga ya moto iwe imeshachorwa kwenye ramani ya mipango miji.

Tazama Embakasi, Nairobi, usiku wa kuamkia Februari 2, 2024. Gesi ililipuka kwenye yadi iliyozungukwa na makazi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho mara tatu mwaka 2023, kwa sababu umbali wa usalama haukutimia. Hatari ilishaonekana na kuandikwa, ila yadi ilikuwa inaendelea na kazi na majirani walikuwa wamelala.

Kanda ya Ziwa ina mitambo mingi ya kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Sayanaidi yenyewe haiwaki. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu inayoshika moto, na mtambo wa elusheni, yaani wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, huweka vyote viwili ndani ya uzio mmoja, pamoja na mafuta ya kuchemshia. Hata mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa haufai hapo, kwa kuwa hewa hiyo ikipata unyevu huwa asidi hafifu. Basi ghala la sayanaidi lijitenge, asidi iwe mbali nalo ndani ya ukuta wa kuzuia mwago, na tanuri liwe upande mwingine kabisa. Ramani ya ndani iwe mikononi mwa Zimamoto kabla simu ya 114 haijapigwa. Ghala la Tianjin, China, lililolipuka Agosti 12, 2015, lilikuwa na takriban tani 700 za sayanaidi. Watu 165 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa wazimamoto. Kanuni zilitaka kilomita 1 hadi kwenye makazi. Nyumba zilikuwa mita 600 hivi.

Nje ya uzio, duara la kinga la kuchora kwa bikari halitatosha hapa kwetu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Ukanda wa kinga unyooshwe pande zote mbili, na usiachwe pori: dengu na viazi vitamu vistawi humo. Pamba hapana, inashika moto upesi mno. Wenye mashamba na nyumba ndani yake walipwe fidia kwanza.

Kisha kuna maji ya kuzimia. Novemba 1, 1986 ghala la Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua, na maji ya wazimamoto yakabeba viuatilifu hadi mto Rhine. Samaki walikufa kwa umbali mrefu. Sisi mitaro yetu inashuka Ghuba ya Mwanza, ambako watu wanavua na mtambo wa Butimba unateka maji ya kunywa. Kila kiwanda cha kemikali kichimbe bwawa la kukinga maji hayo, na lisipokuwepo, kisipewe kibali.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo tangu 2007, na ile ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003. Kinachohitajika ni afisa mipango miji wako kuketi meza moja na Zimamoto, OSHA wa usalama kazini, NEMC wa mazingira na Mkemia Mkuu wa Serikali, wakiwa na ramani moja mbele yao. Nakala yake ibandikwe kwenye ofisi za kata za Usagara na Fela, wananchi wapewe muda wa kuipinga au kuikubali, ndipo viwanja vitangazwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Usagara