Mtoto akiandikiwa MRI, majibu ya mzazi ndiyo kinga yake

MTOTO akiandikiwa kipimo cha MRI, wazazi wengi huwaza mambo mawili: huenda ana ugonjwa mkubwa, na fedha zitatoka wapi. Wachache hujiandaa kwa swali watakaloulizwa mlangoni kabla ya mtoto kulazwa kwenye mashine: je, mtoto huyu ana chuma chochote mwilini?

Wengine hujibu "hapana" harakaharaka ili foleni isogee. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu mtoto mdogo hajui historia ya mwili wake. Anayeijua ni mzazi.

Sumaku isiyolala

MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT scan. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio kupiga picha za ndani ya mwili, hasa ubongo, uti wa mgongo, maungio na misuli. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni takribani mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Sumaku hiyo haizimwi mgonjwa akitoka. Inavuta mchana na usiku, hata kama chumba ni kitupu na kimya.

Ndiyo sababu mlango wa chumba hicho hulindwa. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mvulana wa miaka 6 alikuwa ndani ya mashine wakati mtungi wa oksijeni wa chuma ulipoingizwa chumbani. Sumaku iliuvuta, ukamgonga kichwani, na baadaye akafariki dunia.

Vitu vinavyosahaulika

Simu, funguo, sarafu, mkanda na kadi ya benki hukumbukwa kwa urahisi. Vinavyosahaulika ni vile ambavyo mtoto amevizoea mwilini: hereni, vibanio vya nywele, uzi wa kusukia unaong'aa, shanga za kiunoni na hirizi.

Hirizi huwapa wazazi wengi kigugumizi. Mama anaona aibu kuitaja mbele ya wauguzi, au anaogopa kumuudhi bibi aliyeifunga. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na sindano, shaba au kipande cha bati. Si lazima aeleze ni ya nini. Aseme tu kwamba ipo, kisha ivuliwe.

Vilivyo ndani ya mwili ni muhimu zaidi. Mtoto aliyewahi kuvunjika mguu anaweza kuwa na sahani au skrubu kwenye mfupa. Aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa anaweza kuwa na mpira wa kutoa maji kichwani, na baadhi ya mipira hiyo ina vali ambayo mpangilio wake unaweza kubadilishwa na sumaku, hivyo hukaguliwa tena baada ya kipimo. Kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa sikioni, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, sarafu au betri ndogo aliyomeza mtoto, vyote vitajwe.

Kuwa na chuma hakumaanishi kipimo hakiwezekani. Vyuma vingi vya mifupa vya siku hizi havina tatizo kubwa. Ila mtaalamu anahitaji kujua ni kifaa gani, kwa hiyo mzazi aende na karatasi za upasuaji au kadi ya kifaa kama anayo.

Mzazi atakayeingia chumbani na mtoto huulizwa maswali hayohayo. Mama mwenye ujauzito, hata ukiwa mchanga na nyumbani hawajui, amwambie muhudumu faraghani ili mtu mwingine aingie badala yake.

Kutulia na kufunga

Kipimo huchukua kati ya dakika 20 na saa nzima. Mashine hugonga na kunguruma kwa kelele kubwa, hivyo mgonjwa huwekewa vizibo au vifuniko vya masikio. Mtoto akijitikisa, picha huharibika na huenda kipimo kikarudiwa.

Mtoto anayeelewa maneno afundishwe nyumbani siku chache kabla. Alale chali mkekani bila kujitikisa huku mzazi akihesabu, kama mchezo. Asidanganywe kwamba anapelekwa kununuliwa soda. Aambiwe atasikia kelele, hatachomwa na mashine, na kuna kitu cha kubonyeza au kuminya akitaka msaada. Kama atachomwa sindano ya dawa, aambiwe pia.

Watoto wadogo wasioweza kutulia mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, na hapo tumbo linatakiwa kuwa tupu. Utaratibu wa kawaida ni saa 6 bila chakula, uji au maziwa ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji. Mzazi afuate saa atakazopewa na hospitali yake.

Hapa huruma huleta balaa. Mtoto analia njaa alfajiri, shangazi anampa vijiko vitatu vya uji jikoni, na mama anaondoka bila kujua. Akitapika akiwa usingizini, uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Kila mtu nyumbani aambiwe tangu jioni. Kama mtoto ameshakula, isemwe. Kurudishwa siku nyingine kunauma, lakini ni afadhali.

Wakati mwingine daktari huagiza dawa inayodungwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri zaidi. Mzazi aseme kama mtoto ana tatizo la figo, au aliwahi kuvimba, kuwashwa au kupumua kwa shida baada ya dawa yoyote.

Baada ya kipimo

Anayeendesha mashine kwa kawaida siye anayetoa majibu. Picha husomwa na daktari bingwa wa radiolojia, kisha ripoti humfikia daktari aliyeagiza kipimo. Kumsoma usoni mwendesha mashine humwongezea mzazi hofu ya bure. Aulize majibu yatatoka lini, na atunze ripoti na picha, kwani huenda zikahitajika hata baada ya miaka.

Usiku wa kuamkia kipimo, mzazi amvue mtoto nguo wakati wa kumwogesha na amkague kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Kisha amuulize mwenzake, na bibi pia: kuna kitu tumesahau?