Mchezo wa Maandishi ni wa Asiyeona Pia

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu ya mchezo ambao Richard Bartle aliuendeleza. Uliitwa MUD. Haukuwa na picha hata moja. Chumba, upanga na adui vilikuwa maneno matupu, na wachezaji walikutana humo kwa kuandika. Michezo ya ukoo huo ina wachezaji wasioona mpaka leo, kwa sababu kompyuta huwasomea kila mstari kwa sauti na hawapungukiwi na kitu mbele ya wenzao. Ndiyo maana inaniuma kuona mchezo wa wahusika tunaouandika kwa zamu kwenye simu ukimtoa nje asiyeona. Mchezo huu ulikuwa wake tangu mwanzo, na ni mapambo yetu yanayomfukuza. Nikilisema hili mbele ya wachezaji wa Kisangani hunijia majibu yaleyale, na kila moja lina jawabu.

“Kati yetu hakuna kipofu.” Umejuaje, katika mchezo ambao kila mtu amejificha nyuma ya mhusika? Tshopo, mkoa wetu, ni nchi ya usubi, upofu wa mtoni. Minyoo yake huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, na sisi tumejenga kando ya maporomoko. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure dawa ya ivermektini, nayo imewakinga wengi, lakini haimrudishii mtu jicho lililokwisha haribika. Ongeza mtoto wa jicho, ongeza glakoma, ongeza wanaoona kwa shida. Mtu wa namna hiyo akiingia kwenye hadithi yako akakuta kelele tupu, hatakuandikia malalamiko. Ataondoka, nawe utaendelea kusema kwamba hayupo.

“Visoma skrini ni vya matajiri wa Ulaya.” TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, imo tayari ndani ya simu nyingi za Android, hata zile za bei ya chini, bila malipo. Kwenye kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Nayo ni bure. Shida yetu ya kweli iko kwingine, nami nataka tukae hapo kidogo: ni lugha. Katika sentensi moja tunatia Kiswahili, Lingala na Kifaransa, na simu iliyowekwa sauti ya Kifaransa husoma vyote kwa kinywa cha Paris. Herufi u inabanwa, j inalainika, ch inakuwa sh, hata “chuki” inasikika karibu na “shiki”. Sauti ya Kiswahili ipo, na msikilizaji anaweza kubadilisha lugha ya msomaji wake, lakini hawezi kufanya hivyo katikati ya kila neno. Basi aya moja ishike lugha moja inapowezekana. Ukitaka mhusika wako aseme Lingala, mpe mstari wake. Na maneno yaandikwe kamili, kwa sababu vifupisho tulivyozoea katika ujumbe wa simu mashine huvitamka kama vilivyo.

“Mapambo ndiyo ladha ya mchezo.” Hili ndilo wanaloling'ang'ania zaidi. Zile herufi zenye mikia na mapindo, ambazo watu huzinakili ili kuremba jina la mhusika, si fonti. Ni alama za hisabati zilizoingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, mwaka 2001 kwa ajili ya wanaoandika milinganyo. Kisoma skrini kimoja kitazitaja moja moja kama alama za hisabati, kingine kitaziruka kimya, na jina la malkia wako halitasikika kabisa. Kweli, tangu 2024 NVDA ina chaguo la kuzigeuza ziwe herufi za kawaida, lakini hiyo ni kwenye kompyuta, na wengi wetu tunacheza kwenye simu. Emoji nazo husomwa kwa majina. Moja mwishoni mwa sentensi haina neno, ila kumi na mbili zilizopangwa kati ya maneno zinaivunja sentensi vipande.

Nyota za kuonyesha tendo zina hila ya namna yake. Tuseme mhusika wako Bosco ni dereva wa toleka, baiskeli ya kubebea abiria, naye anakataa kwenda mtaa wa Mangobo. Ukiandika *anafunga toleka* Sitakupeleka Mangobo usiku, visoma skrini vingi huzipita nyota bila kuzitaja, na tendo linaungana na usemi. Msikilizaji hajui nani kafanya nini. Andika: Bosco anafunga toleka yake kwa mnyororo. “Sitakupeleka Mangobo usiku,” anasema. Hapo hakuna kilichopotea. Kwa maoni yangu sentensi imekuwa nzuri zaidi, maana mwandishi amelazimika kusema mnyororo.

“Kueleza picha ni kupoteza wakati.” Sentensi mbili zinatosha: mhusika ni nani, amevaa nini, kipi juu yake kina uzito katika hadithi. Facebook ilianza mwaka 2016 kueleza picha kwa mashine, lakini mashine inaweza kusema kuna mtu mmoja nje. Haijui kwamba kovu lile la shavuni ndilo fumbo la hadithi nzima. Na sheria za mchezo zilizopigwa picha ya skrini, nawaomba, zitumeni kama maandishi. Zitakula mega chache zaidi kwa kila mtu.

“Atumiwe ujumbe wa sauti, basi.” Ujumbe wa sauti huwezi kuupitia haraka kutafuta mstari mmoja, na asiyesikia naye anabaki nje. Tena sauti inamfichua mchezaji. Kijana wa mtaa wa Kabondo anayeandika maneno ya bibi kizee mchawi anaaminika mpaka atakapofungua mdomo.

Wengine humalizia na sheria: haitulazimishi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 30 kinataja utamaduni na burudani. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka Sheria ya Kikaboni namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki hizo. Hakuna polisi atakayekuja kwa sababu ya herufi zako zenye mikia, hilo nalikubali. Lakini anayezifuta hahitaji polisi. Anahitaji dakika moja na TalkBack ya simu yake mwenyewe: aiwashe, afumbe macho, asikilize chapisho lake la mwisho kabla ya kulituma linalofuata.